Namna ya Kumfahamu Jean Gabin kwa Kutazama Filamu Zake

Kati ya mwaka 1930 na mwaka 1976, mwigizaji wa Kifaransa Jean Gabin alicheza katika filamu zinazokaribia 100, na wingi huo ndio kikwazo cha kwanza kwa mtu anayetaka kumfahamu. Anayeanza na filamu yoyote iliyo karibu anaweza kuangukia moja ya zile dhaifu za miaka ya 1960, akajiuliza sifa zote anazozisikia zilitoka wapi. Anayefuata tarehe tangu mwanzo huchoshwa na michezo ya nyimbo ya mwaka 1930 na 1931 kabla hajafika mahali ambapo kipaji chenyewe kinajitokeza. Mwongozo huu unapendekeza njia ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayomtendea haki: anza katikati, mwaka 1954, rudi nyuma hadi miaka ya 1930, kisha songa mbele hadi uzee wake, na katika kila filamu fuatilia jambo moja tu, yaani jinsi anavyojizuia. Waigizaji wengi wa rika lake walitoka kwenye jukwaa la tamthilia na walizoea kumkabidhi mtazamaji kila hisia ikiwa wazi. Gabin aliiacha hisia ikae ndani mpaka mtazamaji aitafute mwenyewe usoni mwake.

Maandalizi

Jambo la kwanza ni sauti. Usimtazame Gabin katika nakala iliyotiwa sauti ya mtu mwingine, wala kwa masimulizi ya juu kama yale tuliyoyazoea katika vibanda vya video vya Afrika Mashariki, ambako msimulizi huyafunika maneno ya waigizaji kwa maneno yake. Masimulizi hayo yana ufundi wake na yamewafikishia filamu watu wengi ambao wasingezielewa kwa njia nyingine, lakini kwa mwigizaji huyu yanafuta nusu ya kazi. Sauti yake ni nzito na kavu kidogo, sauti ya mtu wa vitongoji vya Paris, na mara nyingi huianza sentensi taratibu akaimalizia haraka kana kwamba hataki kuisisitiza. Tafuta nakala yenye Kifaransa chake mwenyewe pamoja na tafsiri ya maandishi chini ya picha. Wasomaji wa Kongo, Burundi na Rwanda wanaokijua Kifaransa wana faida hapa, ingawa hata wao watakutana na maneno ya mitaani ya Paris ambayo hayafundishwi shuleni. Walio Nairobi au Dar es Salaam wanaweza kuanza kwa kuuliza katika Alliance Française ya mji wao.

Jambo la pili ni umbo la picha. Filamu zake zote za kabla ya vita, na nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 1950, zilipigwa kwa picha inayokaribia mraba, nayo televisheni za leo mara nyingi huivuta picha hiyo ijaze kioo chote. Uso wa Gabin ukivutwa hupoteza kila kitu: taya linapanuka, macho yanakuwa membamba, na ule utulivu uliopimwa kwa uangalifu unageuka kuwa unene tu. Ingia kwenye mpangilio wa televisheni, zuia uvutaji huo, na uukubali weusi utakaobaki pande mbili za kioo.

La tatu ni maisha yake ya mwanzo, ambayo yanatosha kuelezwa kwa ufupi. Alizaliwa Paris tarehe 17 Mei 1904, akapewa jina la Jean-Alexis Moncorgé. Gabin lilikuwa jina la jukwaani la baba yake, aliyekuwa mwimbaji na mchekeshaji katika kumbi za burudani, na mama yake pia alikuwa mwimbaji. Alikulia Mériel, kijiji kilicho kando ya mto Oise kaskazini mwa Paris, katika nyumba iliyopakana na reli, na utotoni alitamani kuwa dereva wa garimoshi. Shule hakuimaliza, alifanya kazi za kibarua, hadi baba yake alipomwingiza katika ukumbi wa burudani wa Folies Bergère akiwa na umri wa miaka 18. Baada ya kulitumikia jeshi la wanamaji alirudi jukwaani, akaimba katika michezo ya nyimbo na kucheza katika ukumbi wa Moulin Rouge pamoja na nyota mkubwa wa wakati huo, Mistinguett. Yakumbuke mambo mawili katika hayo unapomtazama. Reli itarudi zaidi ya mara moja katika filamu zake. Na mwili unaouona umesimama tuli mbele ya kamera ni mwili uliofundishwa kucheza na kuhesabu mapigo ya muziki, kwa hiyo utulivu wake ni jambo alilolichagua.

Anza na Touchez pas au grisbi

Filamu hii ya mwaka 1954, iliyoongozwa na Jacques Becker, ndiyo mlango ulio mzuri kuliko yote. Gabin alikuwa na umri wa karibu miaka 50, nywele zake zimeshakuwa nyeupe, na kwa takriban miaka minane alikuwa ametafuta nafasi yake bila kuipata sawasawa. Anacheza Max, jambazi wa Paris aliyechoka na anayetaka kupumzika baada ya kuiba dhahabu katika uwanja wa ndege wa Orly pamoja na rafiki yake wa siku nyingi, Riton. Riton anamtobolea siri msichana wake, naye anampasha jambazi mwingine, Angelo. Angelo anachezwa na Lino Ventura, aliyekuwa mwanamieleka na ambaye hii ilikuwa filamu yake ya kwanza. Msichana huyo ni Jeanne Moreau akiwa bado hajapata umaarufu.

Mtazamaji aliyezoea filamu za ujambazi atasubiri bunduki, nazo zitakuja mwishoni. Lakini tukio la kulishika ni lile la Max kumpeleka Riton katika nyumba yake ya pili ambayo hakuna mtu anayeijua. Anafungua kabati, anatoa nyama iliyosagwa ya kupaka, mkate mkavu na chupa ya divai nyeupe, na wazee hao wawili wanakula. Unasikia mkate ukivunjika. Max anazungumza kuhusu umri wao na kumtaka mwenzake ajitazame: mikunjo, vifuko chini ya macho, miaka iliyokwisha kupita. Kisha anatoa mashuka, nguo za kulalia na mswaki, na tunawaona wakipiga mswaki kabla ya kulala. Riton anabaki peke yake mbele ya kioo akijipapasa uso. Hakuna anayekimbizwa katika dakika hizo, hakuna anayetishwa, na hata hivyo tukio hilo linaubeba uzito wa filamu nzima, kwa sababu tunaelewa kwamba Max anampenda rafiki huyu mjinga kuliko dhahabu, nasi tumelielewa hilo bila yeye kulitamka.

Litazame tukio hilo mara mbili. Mara ya kwanza soma maandishi na ufuate maneno. Mara ya pili ondoa sauti kabisa, ufuate mikono yake: anavyopaka nyama juu ya mkate, anavyomimina divai, asivyomtazama Riton hata pale anapomsema. Utagundua kwamba maneno ni makali na mikono ni ya mwenyeji anayemkaribisha mgeni wake. Pengo hilo kati ya kinywa na mikono ndilo ufundi wa Gabin, na ukishaliona mara moja utalitambua katika filamu nyingine zote. Baadaye subiri tukio la mwisho mkahawani, ambapo Max anapata kwa simu habari ya kifo, anaiweka simu chini na kurudi mezani kuketi na watu wanaokula. Uso wake karibu haubadiliki. Simamisha picha hapo kama utapenda, uutafute mshtuko. Utaukuta katika macho tu, na kwa muda mfupi.

Ni haki pia kumtahadharisha mtazamaji kwamba Max huwapiga makofi watu, wanawake wakiwamo, na filamu inayachukulia makofi hayo kama jambo la kawaida. Kumpenda mwigizaji hakutulazimishi kulifumbia macho hilo, nalo litajirudia katika filamu zake nyingine.

Rudi nyuma hadi miaka ya 1930

Sasa umjue kijana aliyekuwa Max kabla ya uzee. Kati ya mwaka 1935 na 1939 Gabin alikuwa nyota mkubwa kuliko wote katika sinema ya Ufaransa, na ni vigumu kumtaja mwigizaji mwingine yeyote wa nchi ile aliyecheza filamu nyingi bora kiasi hicho ndani ya miaka mitano. La Bandera ya Julien Duvivier, ya mwaka 1935, ilimpa umaarufu, lakini unaweza kuiruka kwa sasa. Fuata mpangilio huu: Pépé le Moko, La Grande Illusion, La Bête humaine, kisha Le Jour se lève.

Pépé le Moko ilitoka mwaka 1937, ikiongozwa pia na Duvivier. Pépé ni mwizi kutoka Paris aliyejificha Casbah, mtaa wa kale wa mji wa Algiers, ambako polisi hawawezi kumkamata na yeye hawezi kutoka. Tazama anavyotembea: mabega yamelegea, shingo imefunikwa kwa skafu, hatua za mtu anayedhani mji ni wake. Halafu tazama mwisho, kwenye lango la bandari, akiwa na pingu mikononi, anapomwita mwanamke aliye juu ya meli na honi ya meli inaimeza sauti yake. Msomaji wa Kiafrika ataona jambo jingine mapema, na asilipuuze. Sehemu kubwa ya Casbah hiyo ilijengwa studio nchini Ufaransa, wahusika wakuu wa Kialjeria wanachezwa na Wazungu, na Waaljeria wenyewe ni mapambo ya nyuma katika mji wao. Filamu ni ya enzi ya ukoloni na inaiona Algeria kwa jicho la mkoloni. Kuifahamu hali hiyo kunasaidia pia kumwelewa Pépé, kwa kuwa anayatamani mabehewa ya chini ya ardhi ya Paris huku akiishi kwa hifadhi ya watu ambao filamu haikuwapa sauti.

La Grande Illusion ya Jean Renoir, ya mwaka huohuo, ndiyo ningeichagua kama ningeruhusiwa moja tu. Ni hadithi ya maofisa Wafaransa waliokuwa mateka wa Ujerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Gabin ni Luteni Maréchal, mtu wa tabaka la wafanyakazi aliyepanda cheo, na koti analolivaa lilikuwa la Renoir mwenyewe, ambaye alikuwa mwanahewa katika vita hivyo. Tukio la kulitazama kwa makini ni la kifungo cha upweke. Maréchal amefungiwa peke yake, haoni mwanga, hasikii mtu akizungumza lugha yake, na mwishowe analipuka kwa kelele. Mlinzi mzee wa Kijerumani anaingia, anakaa karibu naye, anajaribu kumpa sigara, halafu anaiacha kinanda cha mdomo kitandani na kutoka. Mlinzi anasubiri nje ya mlango. Muda kidogo, tunasikia kinanda kikipigwa, na mzee anaondoka ameridhika. Hapa utaona upande wa pili wa kujizuia kwa Gabin: mlipuko. Karibu kila filamu yake ya miaka hiyo ina dakika moja ambapo kila kilichozuiwa kinatoka kwa mpigo, na ukubwa wa mlipuko huo unatokana na subira iliyoutangulia. Filamu hii ilipata tuzo katika tamasha la filamu la Venice mwaka 1937, ikapigwa marufuku Ujerumani na Italia, na ikawa filamu ya kwanza ya lugha ya kigeni kushindania tuzo ya Oscar ya filamu bora.

Katika La Bête humaine ya mwaka 1938, pia ya Renoir, iliyotokana na riwaya ya Émile Zola, ile ndoto ya mtoto wa Mériel inatimia: Gabin ni Lantier, dereva wa garimoshi kwenye njia ya Paris na mji wa bandari wa Le Havre. Alijifunza kuiendesha injini ya mvuke, na dakika za mwanzo zilipigwa juu ya garimoshi la kweli likiwa mwendoni. Yeye na mchochea moto wake, anayechezwa na Carette, hawawezi kusikilizana kwa kishindo, kwa hiyo wanaongea kwa mikono na macho. Mmoja ananyoosha kidole, mwingine anaelewa na kuongeza makaa, handaki linaingia, handaki linatoka, mji unakaribia. Dakika hizo zinafundisha uigizaji kuliko maelezo yangu yote, kwa sababu hazina maneno ya kumsaidia na hazimwachi afanye chochote zaidi ya kazi. Lantier ana ugonjwa wa hasira ya kuua uliomjia kwa urithi, naye Gabin anauonyesha kwa kulegeza macho tu, kana kwamba mtu mwingine amekalia kiti chake.

Le Jour se lève ya Marcel Carné, ya mwaka 1939, iandalie jioni tulivu. Mfanyakazi wa kiwandani ameua mtu, amejifungia chumbani kwake juu kabisa ya jengo, na usiku kucha anakumbuka yaliyomfikisha hapo, huku polisi wakimzingira na umati ukikusanyika chini. Chumba kina kitanda, kabati, kioo, saa ya kuamshia na sigara zinazokwisha. Gabin anafanya karibu kila kitu kwa vitu hivyo, mpaka anapofungua dirisha na kuupigia umati kelele. Lilinganishe dirisha hilo na kifungo cha Maréchal. Maréchal alipewa kinanda. Huyu hana mtu wa kumpa chochote.

Ukiwa na muda, ongeza Le Quai des brumes ya mwaka 1938, ambamo ni mtoro wa jeshi anayeingia Le Havre usiku, na La Belle Équipe ya mwaka 1936, kuhusu wafanyakazi watano wasio na ajira wanaoshinda bahati nasibu na kujenga mkahawa wao kando ya mto. Kwa hii ya pili hakikisha ni nakala ipi uliyo nayo. Duvivier aliimaliza kwa huzuni, mtayarishaji akataka mwisho wa furaha, na miisho yote miwili ilipigwa. Wa huzuni ndio alioutaka mwongozaji. Zote mbili zisomwe pamoja na historia ya Ufaransa ya wakati ule. Mwaka 1936 serikali ya muungano wa vyama vya mrengo wa kushoto iliingia madarakani na wafanyakazi wakapata likizo yenye malipo kwa mara ya kwanza. Kufikia mwaka 1938 matumaini hayo yalikuwa yamefifia na vita ilikuwa inanusa mlangoni. Wahusika wa Gabin ni wafanyakazi, askari na watoro wanaopenda kwa dhati na kufa kabla ya kuondoka. Wafaransa walimwona humo kama mmoja wao, na hiyo ndiyo maana ya umaarufu wake.

Usiruke miaka ya vita

Miaka hii haina filamu kubwa, lakini asiyeijua hatamwelewa Max. Ujerumani ilipoikalia Ufaransa, Gabin hakukubali kuigiza chini yake. Mwaka 1941 aliondoka kwenda Marekani. Hollywood ilimpa filamu mbili, Moontide ya mwaka 1942 na The Impostor ya mwaka 1944, na hakuna hata moja iliyomfaa. Itazame Moontide kwa nusu saa, kama mazoezi tu: ni mtu yuleyule mwenye mikono ileile, lakini katika Kiingereza sauti yake haina pa kuegemea. Alikuwa na uhusiano na mwigizaji Marlene Dietrich, na magazeti yameuandika sana. La kukumbuka zaidi ni kwamba mwaka 1943, akiwa nyota asiyelazimishwa na mtu yeyote, alijiunga na majeshi ya Ufaransa Huru, yaani Wafaransa walioendelea kupigana na Ujerumani. Alirudi katika jeshi la wanamaji, na hatimaye, akiwa na umri wa miaka 40, aliongoza kifaru kilichoitwa Souffleur II katika kikosi cha wanamaji cha Divisheni ya Pili ya Vifaru ya Jenerali Leclerc. Alipigana Royan, akaingia Ujerumani hadi Berchtesgaden mwaka 1945, na akatunukiwa nishani za kijeshi.

Alirudi nyumbani nywele zikiwa nyeupe, na watazamaji hawakumtambua. Martin Roumagnac ya mwaka 1946, aliyoicheza na Dietrich, haikufaulu. Kipindi hiki kipitie haraka, ila chukua filamu moja, La nuit est mon royaume ya mwaka 1951, iliyompa tuzo ya mwigizaji bora Venice. Humo ni dereva wa garimoshi aliyepoteza uwezo wa kuona. Itazame siku moja baada ya La Bête humaine: macho yaliyokuwa yakiisoma reli sasa hayana kazi, na mwigizaji aliyetegemea macho analazimika kuhamishia kila kitu kwenye mikono na kichwa anachokiinamisha kusikiliza. Nadhani utulivu wa Max ulitengenezwa hapo.

Songa mbele hadi uzeeni

Baada ya mwaka 1954 Gabin hakukosa kazi tena, na hapa ndipo mtazamaji anapohitaji kuchagua. La Traversée de Paris ya Claude Autant-Lara, ya mwaka 1956, ni lazima. Paris imekaliwa na Wajerumani, na wanaume wawili wanabeba masanduku manne ya nyama ya nguruwe ya magendo usiku kucha kuuvuka mji. Bourvil anacheza mtu maskini mwenye woga. Gabin ni mchoraji tajiri aliyeingia katika biashara hiyo ili tu aone watu walivyo. Kwa mara ya kwanza kujizuia kwake kunageuka kuwa kiburi, na ni jambo la kushangaza kuona jinsi uso uleule uliotufanya tumhurumie Maréchal unavyoweza kututisha.

Katika miaka hiyo alimcheza pia Jean Valjean katika Les Misérables ya mwaka 1958, na Kamishna Maigret, mpelelezi wa riwayani, mara tatu, kati ya mwaka 1958 na 1963. Maigret tend un piège ndiyo bora kati ya hizo tatu. Alianza vilevile kufanya kazi na mwandishi wa mazungumzo Michel Audiard, aliyemwandikia maneno matamu na makali ambayo Wafaransa bado wanayakariri. Maneno hayo ni raha kuyasikia, lakini yalimfanya azungumze zaidi na kuzuia kidogo, na katika filamu kadhaa za miaka ya 1960 unaona mtu mashuhuri akitoa hotuba huku wengine wakimsikiliza. Chagua Un singe en hiver ya mwaka 1962, pamoja na Jean-Paul Belmondo, na Mélodie en sous-sol ya mwaka 1963, pamoja na Alain Delon, kwa sababu humo ana kijana wa kumjibu. Nyingine nyingi zinaweza kusubiri.

Kuna filamu moja ya kati ambayo maisha yake yanaieleza kuliko wakosoaji. Gabin alipenda kilimo na mifugo kuliko sinema, akanunua mashamba Bonnefoi, Normandie, na kufuga farasi wa mashindano. Julai 1962 mamia ya wakulima wa eneo hilo walikuja usiku kwenye nyumba yake kupinga watu wenye fedha za nje kulimbikiza ardhi ambayo vijana wao waliihitaji. Malalamiko yao yalikuwa na msingi wa kweli, na pigo kwake lilikuwa kubwa, maana alijiona mkulima mwenzao. Ukilijua hilo, itazame La Horse ya mwaka 1970, ambamo ni mzee wa shamba huko Normandie anayeilinda ardhi na jamaa yake bila kuita polisi. Ukali ule una historia.

Kisha Le Chat ya Pierre Granier-Deferre, ya mwaka 1971. Iache iwe ya mwisho. Gabin na Simone Signoret ni mume na mke wazee waliobaki katika nyumba yao ya kitongoji wakati mitaa ya jirani inabomolewa kupisha majengo mapya. Hawasemezani. Yeye humpenda paka wake. Mke anamuua paka huyo. Tangu hapo mume anaandika anachotaka kusema kwenye vikaratasi vidogo na kumrushia mkewe. Nje mashine zinabomoa, ndani kila mmoja ananunua na kupika chakula chake. Gabin ana umri wa karibu miaka 67, mwili umekuwa mzito, na ile njia yake ya kuzuia imefika mwisho kabisa: hakuna tena mlipuko unaokuja, na mtazamaji aliyezoea kuusubiri tangu Le Jour se lève atahisi kukosekana kwake. Wote wawili walipata tuzo za uigizaji bora katika tamasha la Berlin mwaka huo.

Ukitaka kumwandika au kumfundisha

Baadhi ya watazamaji watataka kuandika makala au kuongoza mjadala darasani, na kwao nina maelekezo machache. Taja filamu kwa jina lake la Kifaransa na mwaka wa kutolewa, kwa kuwa majina ya kigeni hubadilika kutoka nchi hadi nchi, na tarehe za kupigwa huchanganywa na za kutolewa. Filamu yake Remorques, kwa mfano, ilianza kupigwa mwaka 1939, vita ikaikatiza, na ikatoka mwaka 1941. Usirudie hadithi kwamba mikataba yake ililazimisha kila filamu iwe na tukio la hasira. Inatajwa sana, lakini ni salama zaidi kuonyesha hasira yenyewe ilipo na kueleza inafanya kazi gani. Tenganisha mtu na mhusika: ingawa alifanya vibarua ujanani, yeye si yule mfanyakazi wa kiwanda wa mwaka 1939. Andika pia kwamba alifariki tarehe 15 Novemba 1976 huko Neuilly-sur-Seine, miezi michache baada ya kuongoza sherehe ya kwanza kabisa ya tuzo za César, tuzo za filamu za Ufaransa, na kwamba kwa matakwa yake majivu yake yalimwagwa baharini kutoka kwenye meli ya kivita, nje ya Brest.

Kwa darasa lenye saa mbili tu, usionyeshe filamu nzima. Onyesha mwanzo wa La Bête humaine, kifungo cha Maréchal, dirisha la Le Jour se lève na mlo wa Max na Riton, kwa mpangilio huo, bila utangulizi, na uwaombe wanafunzi waandike tu yale ambayo Gabin anayafanya kwa mikono yake. Historia yake waelezwe baadaye, watakapokuwa wameshaanza kuuliza.